Mkate Unaokataa Kuumuka

Al Amerat, Maskati

Kwa Mama yangu,

Assalamu alaykum, Mama. Kabla ya lolote nambie goti lako. Kaka Hamadi kanambia umeanza tena kupanda ngazi za dari mwenyewe kuanua dagaa, nami sijui nifurahi kuwa umepata nguvu au nimgombeze yeye kwa kukuacha upande. Na Baba je, kile kikohozi cha alfajiri kimemwacha? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu nikikuuliza kwa simu hunijibu "sote wazima" tu, na nyuma yako nasikia nyumba nzima inaitikia.

Ndiyo maana leo nakuandikia kwa mkono. Simu yako, Mama, ni ya mtaa. Nikikutumia sauti asubuhi, adhuhuri mama mdogo keshaisikiliza na keshaitolea hukumu. Barua hii nimempa wifi yangu Ghaniya, dada yake Nassor, anayekuja Unguja harusini na atavuka hadi kwetu Wete. Utamwona anaingia peke yake. Najua utaangalia nyuma yake kama kuna mtu mwengine, kwa sababu nafasi ya kuja naye nilipewa, nami sikuja. Nimekaa siku kadhaa natafuta namna ya kukueleza kwa nini, na kila nikianza natatizika. Basi naanza na mkate, maana ndipo jambo lilipoanzia.

Unajua kuwa nyumba yetu iko Al Amerat, nyuma ya milima. Ni nyumba nzuri, mpya, lakini majirani wengi hawajahamia bado, na duka la kwanza haliendeki kwa miguu kwa jua la huku. Nassor hutoka mapema kwenda kazini Ghubra, avuke mlima, arudi jioni kachoka. Mama yake, Bi Thuwayba, anakaa Bawshar, upande wa pili wa mlima huo huo, na kila Ijumaa Nassor humfuata kwa gari akala nasi chakula cha mchana. Ni mzaliwa wa Wete kama sisi, akaletwa huku msichana. Akiwa na mimi huzungumza Kiswahili chetu kabisa, nikifumba macho nadhani niko barazani. Akiwa na mwanawe huchanganya, Kiarabu na Kiswahili, hata sijui wanachagua vipi neno lipi la lugha ipi.

Tulipohamia tu, alituletea mashine ya mkate. Ni kisanduku cheupe chenye kioo juu, ndani mna kindoo na kichuma kinachozunguka kukanda.

"Hapa unatia vitu, unafunika, unakwenda zako," alinambia. "Mkate unajipika wenyewe. Nassor toka mdogo hanywi chai ya asubuhi bila ya boflo, na kwenu huku hakuna wa kukuleteeni. Mimi vidole vyangu havikandi tena, lau si hivyo ningekufinyangia kwa mkono."

Mama, mkate wa kwanza ulitoka mfupi kama tofali, umekunjamana juu, na nilipoupindua mezani vikombe viliruka. Nikasema nitamwambia Nassor asiule. Yeye akakata kipande, akakichovya kwenye chai, akatafuna, akatafuna, akasema "Alhamdulillahi," akaondoka. Siku ya pili vilevile. Hakukunja uso, hakusifu, hakulaumu. Nikabaki na kisu mkononi namwangalia.

Wewe unajua nyumba yetu. Chumvi ikizidi, Baba huuliza kama tunapikia bahari. Wali ukiungua, kaka hununa mpaka Isha. Mtu unajua ulipo. Hapa wanashukuru. Bi Thuwayba naye alipokuja Ijumaa alikula kipande kimoja, taratibu, akasema, "Mwenyezi Mungu akubariki, mwanangu," kisha mkate uliobaki akaufunga kwenye kitambaa akaondoka nao. Ijumaa nyengine akafanya vivyo hivyo. Nilimuuliza Nassor anaupeleka wapi, akasema anakwenda kuula. Nilipomuuliza Ghaniya akasema jirani yao ana mbuzi. Mpaka leo sijui nani kati yao kasema kweli.

Sasa ikaja Ijumaa moja. Tumekwishakula, mimi niko jikoni naosha sahani, wao wawili ukumbini wanazungumza Kiarabu. Mlango ulikuwa wazi. Mimi Kiarabu changu ni cha chuoni, cha Kurani, najua kusoma, maneno ya kuzungumza nayaokota moja moja kama mtu anayeokota shanga. Nikasikia "khubz," huo mkate. Nikasikia "thaqil," mzito. Kisha Bi Thuwayba akasema, "Ma tinfa'." Hafai. Na Nassor akajibu, kwa sauti ya chini, neno nililolielewa lote: "Narajji'ha." Tumrudishe.

Chuoni tulifundishwa kuwa ile "ha" ya mwisho ni ya mwanamke. Na katika nyumba ile, mbali na yeye mwenyewe Bi Thuwayba, mwanamke ni mmoja.

Nilimaliza kuosha sahani. Nikazifuta, nikazipanga kabatini, nikazitoa tena nikazifuta mara ya pili. Nilipotoka na kahawa wakanitabasamia wote wawili, na Bi Thuwayba akanipangusa unga ulioganda kwenye mkono. Mama, mtu anayetaka kukurudisha kwenu hukupangusa mkono namna ile? Sikujua. Labda ndivyo wafanyavyo, labda huruma ndiyo dalili yenyewe.

Utaniuliza kwa nini sikuuliza palepale. Nilitaka. Lakini nikajiambia, nikiuliza nikajibiwa ndiyo, nitafanya nini? Na jambo jengine lililonichanganya zaidi ni hili, nami sikuwahi kukwambia: tangu nifike hapa nilikuwa nalia. Si kwa kuonewa, hakuna aliyenigusa wala kunitolea neno. Nalia Nassor akishatoka, nikiangalia dirishani ile milima isiyo na jani hata moja. Nalia nikisikia sauti yako kwenye simu, halafu nakwambia nna mafua. Nilikuwa namwomba Mungu anirudishe. Sasa nimesikia kwa masikio yangu narudishwa, na nilichofanya ni kuingia chumbani kulia tena. Nikajiuliza, weye Raya, unalilia nini hasa?

Nilichoweza kushika ni mkate tu. Nikasema kama kosa langu ni uzito wa mkate, basi nitautia wepesi, na hayo mengine Mungu atayapanga.

Nikampigia Ghaniya. Akasema, "Ongeza hamira." Nikaongeza. Mkate ukapanda mpaka ukagusa kioo, nikafurahi, nikapiga kelele peke yangu nyumbani kama mwendawazimu, kisha ukiwa unaiva ukashuka katikati ukawa shimo kama kaburi la zamani. Nikatazama kwenye simu, mwanamke mmoja mpishi akasema tatizo la watu wengi ni hamira kuzidi. Nikapunguza. Ukatoka tofali. Mwengine akasema chumvi isikutane na hamira, kila kimoja kiwe pembe yake. Nikazitenga kama wake wenza. Tofali. Ghaniya akasema nisifungue mfuniko hata mara moja, nikaacha kufungua, nikawa nasimama juu ya kioo nachungulia kama anayetazama kisimani.

Nassor akaniona. Akasema, "Pengine ni unga." Ndilo neno la kwanza alilosema juu ya mkate, nami likanichoma, kwa sababu nilidhani ndio kesi yangu inaanza kusomwa. Lakini alisema kweli. Nilikuwa natumia unga wa ata ule wa chapati, wenye kumvi, uliojaa kabatini. Akaniletea unga mweupe wa mkate. Mkate ukapata nafuu kidogo, ukapanda kama nusu ya nilivyotaka, lakini ukiukata bado umeshikana ndani, na kisu kinatoka na utando.

Kisha mchana mmoja nilifungua bomba la maji baridi kutia udhu, nikaurudisha mkono mbio. Maji yalikuwa moto, Mama. Tangi liko juu ya paa, na jua la huku hulichemsha. Nikasimama pale na mkono unaniwasha, nikafikiri: ndiyo maji haya haya ninayotia kwenye hamira. Nimekuwa nikiiunguza kabla haijafanya kazi, na ile inayosalimika inaumuka kwa pupa ikachoka kabla ya moto kuwaka. Tokea siku ile naweka maji kwenye friji toka usiku, asubuhi nayaacha mezani kidogo yapunguze ubaridi. Mkate ukapanda tena kidogo. Lakini haukuwa bado boflo laini. Sikujua kilichobaki.

Ijumaa ikaja. Nassor akamteremsha mama yake mapema kuliko kawaida, akaenda msikitini. Bi Thuwayba akanikuta jikoni, mashine ndiyo kwanza inakanda. Akavua abaya, akasogea, akafungua mfuniko.

"Usifungue, Mama," nikasema. "Ghaniya kasema mkate hufa."

"Ghaniya hapiki hata yai," akasema. "Unapokanda, fungua utakavyo. Ukishaanza kuumuka ndio uuache na usingizi wake." Akatia vidole viwili ndani huku mashine inazunguka, nikaogopa kile kichuma kitamkata. Akaubonyeza unga. "Mgumu huu. Sikiliza mashine inavyoguna. Unga unaomba maji, mwanangu. Kwani unapima vipi?"

Nikachukua kikombe nikamwonyesha. Nikachota unga guniani, nikaushindilia kwa kijiko, nikaongeza, nikaushindilia tena mpaka ukawa sawa na ukingo, kama ulivyonifundisha kupima mchele wa wageni, ili mtu asipunjwe. Akanitazama mikono, akaanza kucheka, akalazimika kushika meza.

"Hivyo ni vikombe viwili ndani ya kimoja," akasema. "Unga wa mkate haukabwi. Unaunyunyiza kikombeni kwa kijiko, ukijaa unaupangusa juu kwa kisu, basi."

Akanipa kijiko nitie maji, kimoja, ningoje, kimoja tena. Niliona kwa macho yangu lile donge likibadilika. Mwanzo lilikuwa linabisha hodi kwenye ukuta wa kindoo, halafu likalegea, likawa laini, linang'ara, likinata kidogo chini na kujibandua. "Liguse," akasema. Nikaligusa. "Kama nini?" Nikasema kama ncha ya sikio la mtoto. Akasema, "Ndilo hilo. Sasa funika, na usije ukachungulia."

Tukakaa ukumbini kungoja. Alinieleza khabari za Wete ya utoto wake, njia ambazo mimi nazijua kwa majina mengine. Sikumsikiliza vizuri. Mashine ilipolia tukaenda. Mkate ulikuwa umejaa mpaka juu, wa rangi ya asali, umetuna. Akanambia niutoe papo hapo, nisiuache ndani ukatoka jasho ukarudi kuwa mzito. Niliupindua juu ya kitambaa, haukutoa sauti. Nikaushika kwa mikono miwili nikadhani nimeshika mto wa kulalia.

Hapo, Mama, badala ya kufurahi, nikauliza. Lilitoka lenyewe.

"Sasa mtanirudisha au hamtanirudisha?"

"Tukurudishe wapi?"

Nikamwambia niliyoyasikia nikiosha sahani, neno kwa neno, kwa Kiarabu changu cha chuoni. Alinisikiliza kinywa wazi. Kisha akanishika bega.

"Makina, mwanangu. Nlikuwa nasema makina. Hiyo mashine. Kwa Waarabu mashine ni mwanamke, gari ni mwanamke, na jua hilo ni mwanamke. Nlimwambia mkate unatoka mzito, mashine haifai, airudishe dukani walikotuuzia."

Nikakaa kwenye kiti. Kwetu ungesema hafai au haifai, mtu akajua kama ni kiumbe au ni chombo. Kwao neno ni moja. Nimekonda kwa neno moja. Nilitaka kucheka, lakini nilipomwangalia, yeye hakuwa akicheka tena. Alikuwa anakusanya chembe za unga mezani kwa kiganja, anazirundika, anazitawanya.

"Lakini nisikudanganye," akasema. "Siku ile nlisema mashine. Siku nyengine, kabla ya hiyo, nlikusema wewe."

Nikauweka mkate mezani.

"Kila nikija nakuona macho yamevimba. Unasema mafua. Mafua gani ya kila Ijumaa? Mimi nlipoletwa hapa nlikuwa mdogo kuliko wewe. Nlilia mwaka mzima, na hakuna aliyeniuliza. Nkazoea, au nlichoka, hata leo sijui ni lipi. Basi nlimwambia Nassor, muulize mkeo. Kama anataka kwenda kwao akapumzike, mrudishe kwa heshima, Ghaniya anakwenda harusini afuatane naye. Akirudi, karibu. Asiporudi, tutakuwa tumejua mapema. Hakukuuliza?"

"Hakuniuliza."

Akatikisa kichwa.

Nassor aliporudi msikitini alikuta mkate mezani na sisi wawili tumekaa mbele yake. Akasema, "Mashaallah, leo umepanda." Mama yake akachukua kikombe chake cha chai, akatoka nacho uani kwenye jua lile, mtu mzima, ili atuachie nafasi. Nikamuuliza Nassor kwa nini hakuniuliza. Alisimama na kofia mkononi, anaizungusha.

"Niliogopa utasema ndiyo," akasema.

Mama, nimeolewa na mtu huyu, nakula naye, na nilidhani hanioni. Kumbe kila siku alikuwa anatafuna tofali lile na kunyamaza kwa sababu alihisi akisema neno moja baya nitapata sababu ya kuondoka. Na mimi nilikuwa nanyamaza nikidhani kimya chake ndicho kinachonifukuza. Akaniuliza pale pale, kwa Kiswahili, polepole kama anayeogopa kukosea: "Unataka kwenda na Ghaniya?"

Nilikuwa na jibu tayari tangu siku niliyofika. Nililala nalo na kuamka nalo. Nikafungua kinywa nilitoe, nikasikia nasema, "Si sasa."

Sijui ni nani aliyesema, Mama. Ni mimi, sauti ni yangu, lakini nilishangaa kama alivyoshangaa yeye. Usiku nilingoja nijute, sikujuta. Asubuhi nikalia kidogo nikiangalia ile milima, kama kawaida, kisha nikapima unga. Naweza kulia kwa kukutamani na wakati huo huo nisitake kuondoka? Wewe ulihamia kwa Baba ukiwa umetoka mbali kwenu, lazima unajua. Hukuwahi kutuambia. Nambie ilikuwaje, na usiniandikie kuwa "sote wazima."

Usinikasirikie kwa kutokuja. Nassor kasema nitakapotaka mwenyewe, mwezi wowote, nimwambie tu nitakuja, na mama yake alikuwa shahidi. Nimeamini. Sasa ananifundisha gari Ijumaa jioni kwenye kiwanja kitupu, na Bi Thuwayba hukaa nyuma akivuta uradi kwa sauti.

Mkate sasa unatoka mwepesi siku nyingi, si zote. Juzi nilifanya kila kitu sawasawa: unga haukukabwa, maji ya friji, chumvi pembeni, donge laini kama sikio. Ukatoka tofali, wa kuvunjia dafu. Sijui kwa nini. Pengine ni unyevunyevu, pengine hamira imezeeka, pengine ni mkate tu umeamua. Nilimkatia Nassor kipande, akakichovya kwenye chai. Akatafuna, akatafuna. Nikamsubiri ashukuru.

Akasema, "Raya, mkate huu mzito."

Nikacheka mpaka nikamwaga chai. Yeye akaniangalia hajui amefanya nini, akaomba kipande chengine.

Nisalimie Baba, umwambie namwombea kifua chake. Nisalimie kaka Hamadi na mkewe, na mtoto wao aliyezaliwa nikiwa nishaondoka, umbusu kwa niaba yangu. Bibi mzaa Baba umpigie magoti kwa ajili yangu na umwombe dua. Mama mdogo msalimie sana, na barua hii usimpe. Jirani yetu mshona majamvi mwambie jamvi lake liko ukumbini na kila mgeni huliuliza. Bi Thuwayba anakusalimu, anasema mkionana mna mengi ya kuzungumza na mimi nisiwepo.

Ghaniya nimempa mkate umo ndani ya mzigo. Nimeufunga wa siku njema, ila sijui utafika vipi. Ukifika umekauka, uchovyeni.

Mwanao anayekutamani, na ambaye bado yuko,

Raya